Sentensi Aliyoimeza Mzee

Hawa makocha wa maisha hunikera: mtu mzima anafundishwaje kuishi? Lakini juzi, mkahawani mtaa wa Hurlingham, mzee wa meza jirani alimlalamikia kocha wake kwamba bintiye hashiki simu zake siku hizi.

“Ukimpigia, huwa unaanza na nini?” kocha akauliza.

Mzee akainama. “Na makosa yake.”

Kocha akamsogezea simu. Mzee akapiga simu palepale, kwa spika. Ikaita, ikaita, binti akashika.

“Baba, nimekosa nini tena?”

Mzee akafungua mdomo, kisha akauziba kwa kiganja. Alipokitoa, alisema, “Hakuna, mama. Nilitaka tu kukusikia.”

Halafu, polepole: “Sawa, Baba. Kwani umekula?”

Chuoni kwetu, kwenye midahalo, tunapeana vikombe vya ushindi kwa kusema. Mimi ningempa mzee huyo kikombe kwa ile sentensi aliyoimeza.