Kipimo cha Gari Lililojaa

Fundi anayefunga vyuma vya kuvutia trela hapimi gari tupu hata ukimpigia magoti. "Gari tupu ni urongo," husema kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. "Watu wakikaa linashuka, halafu mnakuja kunililia bampa." Basi familia nzima huingia na mizigo yake, naye huchuchumaa nyuma, chaki sikioni, jicho moja amelifumba. Juzi alikuja baba mmoja na trela la kulalia, akapakia mke na watoto garini. "Tumetimia," akasema. Fundi akamtazama mama mzee aliyesimama ukutani na begi lake. "Na huyu?"

"Mama mkwe anabaki," yule baba akanong'ona, lakini vioo vya gari vilikuwa wazi. "Bado sijamwambia mtu." Mke akageuza shingo polepole. Fundi akafungua mlango. "Karibu ndani, mama." Akachora alama yake, akakaza nati, akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Nimepima na mama ndani," akamwambia yule baba. "Ukimwacha, gari litainuka na bampa litagonga trela. Mimi simo."