Redio ya Shangazi Felista na Mkanda wa Wafu

Ghala la ushirika la kijijini kwetu Msanzi lilikuwa na harufu ambayo nikiisikia mahali popote hata leo, moyo unanichemka kabla sijakumbuka sababu. Ilikuwa harufu ya magunia makuukuu, dawa ya kuulia wadudu wa mahindi na mavi ya panya. Juu yake, msimu ule ninaousimulia, ikaongezeka harufu ya petroli. Miaka ya nyuma ghala lile lilikuwa likijaa mahindi mpaka darini, na sisi watoto tulifukuzwa mlangoni tusije tukaangukiwa na magunia. Kisha biashara ya mazao ikafunguliwa kwa watu binafsi. Wafanyabiashara wakaanza kutufuata mpaka uani na malori yao, wakinunua mahindi na ulezi hata kabla havijakauka vizuri, na ushirika ukabaki na kufuli, ubao wa matangazo na mlinzi aliyekuwa halindi kitu. Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa tumemaliza kuvuna, upepo wa Ufipa ukivuma ule wa baridi unaopasua midomo, na watu walikuwa na vijisenti na nafasi ya kukaa. Ndipo akaja yule kijana kutoka Sumbawanga mjini, na pikapu, jenereta, televisheni na deki ya mikanda ya video, akalikodi ghala lile awe anaonyesha picha.

Jina lake sikulijua. Tulimwita Bwana Video, naye alilipenda. Alivaa miwani ya jua hata ndani ya ghala, na badala ya kuamkia watu wazima alikuwa akisema "Mambo vipi hapa?" mpaka wazee wakawa wanatazamana. Aliziba madirisha kwa magunia ili mchana uwe giza, akawasha jenereta lake nyuma ya ukuta, akaketi kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yake hasa, maana picha zilikuwa za Kizungu na yeye ndiye aliyezitafsiri. Siku za mwanzo alituonyesha watu wakipigana mateke, na tukafurahi. Watu walipoanza kupungua, akaleta mkanda wa wafu.

Nitausimulia kama alivyousimulia yeye, kwa sababu sijawahi kujua kilichokuwa kikisemwa humo kweli. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa amefiwa na mwanawe. Jioni anakaa peke yake na redio, redio inakoroma, na katikati ya kukoroma inatoka sauti ya yule mwana. Baadaye televisheni nayo inajaa chenga, na kwenye chenga unaonekana uso. Marehemu anaita watu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kila anayeitika anakutwa asubuhi amekauka kitandani. "Ndugu watazamaji," alisema Bwana Video kwa sauti nzito, "hii siyo mchezo wa kuigiza. Hii imetokea kweli huko kwao. Ukiona redio yako inakoroma haishiki stesheni vizuri, ujue kuna mtu anataka kuongea na wewe. Akikuita jina, usiitike!" Akina mama walijifunika kanga nyuso zao. Wanaume wazima, watu waliokuwa wakilala porini peke yao kulinda mahindi, walitoka wakiwa wameshikana mikono. Na mimi nauliza mpaka leo: ni redio gani ya Ufipa enzi zile ilikuwa haikoromi? Dar es Salaam ilikuwa mbali, mawimbi yalikuja na kupotea, stesheni za Zambia na za ng'ambo ya ziwa ziliingiliana na yetu. Kwa tafsiri ya kijana yule, kila nyumba yenye redio pale Msanzi ilikuwa na maiti ndani.

Shangazi Felista alikuwa na redio. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, na nyumba yake ilitazamana na yetu ndani ya ua mmoja. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Deo, ambaye alikwenda Chunya kuchimba dhahabu baada ya kuona kulima hakumfikishi popote. Redio ile ndogo ya betri Deo ndiye aliyemtumia mama yake kupitia dereva wa lori, na akamwagiza dereva amwambie maneno haya: "Mama, salamu nitakuletea humu humu. Na nikikwama, nitakutangazia humu humu. Usikose kusikiliza." Haikuwa ajabu yoyote. Nchi nzima ilikuwa ikisalimiana kwa kadi za salamu zilizosomwa redioni, na waliofiwa walitafutwa, na waliougua ugenini waliwaita ndugu zao, kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kila siku saa ya salamu na saa ya matangazo, shangazi aliacha alichokuwa akifanya, akaiweka redio juu ya kinu kilichofudikizwa, akasikiliza akipepeta ulezi. Aliwahi kusomewa salamu za mwanawe kweli. Nilikuwepo. Alipiga magoti palepale uani, akapiga makofi taratibu kama tunavyofanya kwetu tunapopokea salamu ya mtu wa heshima, akajibu, "Ndiyo mwanangu, nipo, nimepokea, nawe ukae vizuri." Nani kwetu anasalimiwa akanyamaza? Salamu ikija, inajibiwa. Aliyekulia Ufipa na kuona kitendo kile angesema huyu mama amelelewa.

Basi mkanda ulipoonyeshwa, watu wale wale waliolelewa vile vile wakamgeukia. Yule Felista si ndiye anayeongea na redio? Si anamwita Deo humo? Kumbe Deo amekufa zamani huko machimboni, na mama yake anajua, anamficha ndani ya redio! Maneno hayo yalitoka ghalani, yakapita kisimani, yakafika misa ya Jumapili, ambako wanawake walianza kuacha nafasi kwenye benchi alilokalia. Hasira yangu haipungui nikikumbuka ile nafasi. Watu hao walimjua tangu akiwa msichana, aliwazalisha baadhi yao, aliwapa mbegu mwaka wa njaa, na sasa walikaa mbali naye kwa sababu ya kijana aliyevaa miwani gizani.

Baba alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu. Alikwenda kwa dada yake asubuhi moja na wazee wa ukoo nyuma yake, nami nilikuwa naanika mahindi uani, nikasikia yote.

"Shikamoo dada," alianza.

"Marahaba. Mbona mmekuja wengi hivi, kuna msiba?"

"Hatutaki uwepo msiba. Dada, hiyo redio tuiweke kidogo mpaka maneno yapoe."

"Muiweke wapi? Deo amesema nisikose kusikiliza. Akikwama nitajuaje?"

"Deo akikwama tutapata habari. Watu wanapita kila siku."

"Watu gani? Nitajie mmoja aliyepita akaniletea habari ya mwanangu." Shangazi alikumbatia redio kifuani kama mtoto mchanga, akasema, "Mdogo wangu, wewe umesoma mpaka darasa la saba. Unajua kabisa mtu anayesoma salamu yuko Dar es Salaam kwenye kiti, amekunywa chai. Unajua!"

Alijua. Hilo ndilo linaloniuma. Baba alijua vizuri sana, na akanyoosha mikono yake akaichukua redio. Akaifungia ndani ya sanduku la bati chumbani kwake, betri akazitoa. Shangazi kwa siku kadhaa alikuwa akija kwetu saa ya matangazo, anakaa kizingitini. Baadaye akaacha kuja.

Redio iliyobaki kusikika hadharani ilikuwa ya Oswadi, mwenye duka na mashine ya kusaga. Oswadi alikuwa hakosi mkanda hata mmoja pale ghalani, lakini redio yake hakuizima. Alisema yake ni kubwa, haikoromi sana. Mchana mmoja akina mama wakiwa kwenye foleni ya kusaga, mashine ikiwa imezimwa ipoe, redio yake ikaanza kusoma matangazo. Ikasema mama Felista wa Msanzi, Sumbawanga, popote alipo, anaitwa na mwanawe Deogratias. Akina mama wakapiga kelele. Oswadi akaruka juu ya kaunta, akaizima, akafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyesikia sentensi iliyofuata. Wakakubaliana palepale, mbele ya magunia ya unga, kwamba asiambiwe, kwa sababu akiambiwa ataitika, na akiitika tutamzika. Walisema walikuwa wanamlinda. Kesho yake tangazo lilirudiwa, maana hivyo ndivyo matangazo yalivyokuwa, na Oswadi akazima tena mara aliposikia neno Msanzi.

Haya yote tuliyajua baadaye, siku aliposhuka kijana mmoja kutoka kwenye lori na mfuko wa nguo za Deo. Alikuwa mchimbaji mwenzake. Alimsalimia shangazi kwa kupiga makofi, akamnyooshea ule mfuko, na shangazi akaupokea akaketi nao chini. Kijana akaeleza kwamba shimo liliwaangukia, Deo akavunjika kiuno, akalazwa hospitali moja upande wa Mbeya. Hakufa siku ile wala wiki ile. Alikaa kitandani akimsubiri mama yake. "Mlango wa wodi ukifunguliwa alikuwa anageuza shingo," alisema. "Tulichanga tukatangaza redioni, tukaomba lirudiwe. Tulisema anaumwa sana, mama aje haraka, nauli atarudishiwa tukimpokea stendi Mbeya. Tulikuwa tunakwenda stendi kwa zamu. Mama, ulikuwa husikii redio?"

Uani palikuwa pamejaa watu. Shangazi alimtazama baba. Baba akatazama chini. Ndipo Oswadi akaanza kulia, mtu mzima na tumbo lake, akisema, "Mimi nilisikia. Nilisikia jina lako, mama. Nilidhani ndiyo yale." Yale! Hakuweza hata kuyataja. Mmoja wa wazee wa ukoo akakohoa, akasema yote ni mapenzi ya Mungu, tupokee. Mpaka leo sijasikia maneno yaliyonikera kuliko hayo. Mungu wa watu alikuwa ametuma habari, ikasomwa kwa Kiswahili fasaha, jina la mama, jina la mtoto na kijiji, tena ikarudiwa. Aliyeizima alikuwa Oswadi. Aliyefungia redio alikuwa baba yangu. Waliosikia wakaenda kupika ugali walikuwa mama zetu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia shangazi, "Tumekukosea." Walimletea unga, kuni na pombe ya ulezi ya matanga, wakaimba vizuri sana.

Nikaenda kusoma, nikapata kazi mbali na kwetu. Huko nikitaja Sumbawanga watu hucheka, huniuliza kama nimekuja kwa ungo wa kichawi, hunitania nisije nikawageuza paka. Zamani nilikuwa nacheka nao ili yaishe. Siku hizi sicheki. Hofu iliyomnyima Deo mama yake haikutoka kwa mganga wala kwenye mzimu wa Kifipa. Ilikuja kutoka mjini ndani ya boksi la mikanda, ikaendeshwa kwa petroli, ikalipiwa kiingilio. Sisi tuliifungulia mlango, na kwa hilo sitawatetea watu wangu. Miaka michache iliyopita nilimkuta Bwana Video pale Sumbawanga mjini, mzee wa heshima sasa, ana duka la vifaa vya simu, na miwani ni ya kusomea. Nikamkumbusha mkanda ule, nikamweleza kilichotokea. Akasema, "Pole sana dada. Lakini ile ilikuwa biashara tu. Kiingereza chenyewe nilikuwa sikijui, nilikuwa natunga." Akaniuliza kama nahitaji chaja.

Watoto wa ndugu zangu pale Msanzi wanaangalia picha za aina ile kwenye simu zao, mchana kweupe, wakila mahindi ya kuchoma. Wafu wanapiga simu, wafu wanatuma meseji, na watoto wanacheka mpaka wanapaliwa. Baba, ambaye sasa ni mzee, hucheka pamoja nao, husema zamani tulikuwa washamba. Neno lenyewe hilo, washamba, kana kwamba tulikosea kuvaa viatu. Mimi hutoka nje likitamkwa.

Shangazi Felista yu hai. Nilimnunulia simu ya batani, na hakuna simu inayomkosa. Iwe yuko shambani au kanisani, huipokea kabla haijaita mara ya pili. Wanaokosea namba huwauliza wanatoka wapi na kama wote nyumbani ni wazima. Kuna zile sauti zilizorekodiwa zinazopiga kutangaza vifurushi na bahati nasibu, ambazo sisi sote huzikata zikianza tu. Yeye hazikati. Nimemweleza mara nyingi kwamba ile ni mashine, hakuna mtu anayemhitaji huko. Hunikubalia kwamba anajua, kisha huinua mkono kunitaka ninyamaze, na husikiliza mpaka ile sauti imalize yote iliyokuja kusema.