Sahani ya Tatu Mezani kwa Stefan

Wiki iliyopita tulimzika Stefan. Kwenye karatasi ya mazishi, maisha yake yalitoshea mistari minne. Niliisoma mara mbili, isije ikawa mmoja umenipita: mtoto wa wahamiaji kutoka Poland, fundi wa mabasi, hakuoa, alimtunza mama yake.

Mama yangu ndiye aliyeajiriwa kumhudumia bibi huyo, mtaani Phillips, huku ughaibuni. Alasiri ya mkesha mmoja wa Krismasi, nikiwa mtoto, alinipeleka kazini kwa kukosa wa kuniachia. Nyumba ilinukia bitiruti na samaki wa kukaanga. Giza lilipoingia meza iliandaliwa: wenyeji wawili, sahani tatu. Nikahesabu tena.

“Umezidisha moja, Anko.”

“Hiyo ni ya mgeni asiyealikwa, ndiyo mila yetu,” Stefan alisema kwa sauti ya uchovu. “Mama yangu hali mpaka aje.”

Bibi alikuwa amefumba mdomo, anatazama mlango. Tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni.

Stefan akamgeukia mama yangu. “Kaa wewe, tafadhali.”

“Siruhusiwi kula kwa mgonjwa, nitafutwa kazi.” Kisha akanisukuma mbele. “Lakini huyu hajaajiriwa.”

“Nitapewa vipande vingapi?” nikauliza.

“Wee! Kaa chini!” mama akanikemea.

Nilikaa, nikala, na bibi akafungua mdomo. Stefan alimlisha kijiko kwa kijiko, chakula chake hakukigusa. Nikadhani ameshiba, nikamwomba samaki wake. Akanisogezea sahani.

Sasa najua kwamba siku hiyo watu wao hufunga tangu asubuhi mpaka giza liingie, na kwamba Stefan alikuwa hajala kitu kutwa nzima. Nilimwachia miba tu, naye akaniuliza kama nimetosheka.