Jiwe Lililoandikwa Ardhi

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la pili, baba akasema inatosha, ng'ombe hawana mchungaji. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza hesabu za mawimbi. Lakini makabati ya redio nayajua. Nimeyabeba mgongoni, nimeyafunga nati, nimeyafungua yakiwa moto, na hata leo unifunge macho uniweke mbele ya moja, nitakuambia kwa kunusa kama kuna kitu kinaungua ndani. Hayo nilifundishwa na mtu mmoja wa Mumias, aliyekuwa fundi mkuu wetu miaka ile bendera ya uhuru ikiwa bado mpya. Namwandika kwa sababu watu wa siku hizi husifu mashine wakaisahau mikono.

Alikuwa Mwislamu, mrefu, mtaratibu. Redio alijifunzia jeshini wakati wa vita vya Wazungu. Asubuhi akiingia stoo anasema "Salaam aleikum" kwa kila mtu, hata kwa sisi wabeba mizigo, na anangoja uitikie. Usipoitikia vizuri anarudia. Wengine walimcheka. Mimi nilimpenda kwa hilo kabla sijajua anajua kazi.

Idara yetu ilitutuma kusimamisha kituo cha redio juu ya kilima upande wa Malinya. Chini ya kilima kulikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na redio ndogo ya mezani. Sauti ya redio ile haikuweza kufika mjini Kakamega yenyewe. Ilipanda kilimani, kabati letu likaipokea na kuirusha mjini, na ya mjini ikarudi vivyo hivyo. Kabati likifa, zahanati inabaki bubu. Ndiyo kazi yote, sitaki kuipamba.

Kabati lenyewe ni fremu ya chuma inayompita mtu kimo, na mashine zinaingia ndani yake kama droo, moja juu ya nyingine: ya umeme chini kwa sababu ni nzito, ya kupokea katikati, ya kurusha juu kwa sababu ina joto. Tulilipandisha kwa mabega, tukiteleza kwenye tope. Tulipofika kwenye kibanda chake kipya, mimi nilitaka kuliegemeza ukutani tumalize.

"Litoe hapo," akasema fundi.

"Ukuta utalishika, fundi."

"Na likiugua utalitibu wapi? Mashine hutibiwa mgongoni, bwana. Acha nafasi mtu apite na matako yake."

Tukaliacha na nafasi. Halafu akaweka kisahani cha chai juu ya kabati, akatazama chai inaelekea upande gani, akachomeka vipande vya bati chini ya miguu mpaka chai ikatulia. Akainywa. Nyaya akazifunga kwa uzi wa nta, fundo kwa fundo, zikashuka nyuma ya kabati zimelala kama nywele za msichana aliyesukwa na mama mwenye subira. Nilimwambia hakuna atakayeziona huko nyuma. Akaniambia, "Wewe utaziona. Siku utakapokuja peke yako na mvua inanyesha, utanishukuru."

Kitu kimoja alichofanya kilizua maneno stoo. Kila waya aliufungia kibandiko, na vibandiko vyote aliandika Kiswahili. Umeme. Sauti. Mlingoti. Mkubwa wetu wa mjini alitaka Kiingereza, kama vitabu vya mashine. Fundi akamjibu kwamba Wazungu wanaondoka na watakaokuja kutengeneza ni hawa, akatuonyesha sisi kwa kidole, na hawa wanasoma Kiswahili. Mimi na darasa langu la pili nilisimama wima siku hiyo. Niliweza kusoma mashine!

Nje, alitafuta mahali penye majani mabichi kupita kote, karibu na mpaka wa shamba la jirani. Hapo tukapigilia nondo ya shaba, tukamwaga mkaa na chumvi kuizunguka ili udongo ukae na unyevu. Waya mnene ukatoka kwenye kabati ukaingia kwenye nondo hiyo. Kazi yake ni kuupeleka moto wa radi chini, usiingie kwenye mashine. Kwetu radi ni mgeni wa kila alasiri, usicheze. Juu ya nondo fundi akaweka jiwe la saruji alilolifinyanga mwenyewe, akaliandika kwa rangi nyekundu jina la waya huo katika kazi yetu: ARDHI.

Redio ikasema vizuri. Mkunga wa zahanati, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa akiipenda kuliko sisi. Kabla ya redio, mzazi akishindwa kujifungua, alimtuma mtu kwa baiskeli mpaka mjini kuita gari. Sasa anabonyeza tu.

Halafu kabati likaanza kufa. Radi ikipiga alasiri, fyuzi zinakatika, vali, zile chupa za kioo za mashine ya kupokea, zinaungua. Nikipanda nabadilisha, linafufuka, linakaa kidogo, linakufa. Mambo yenyewe yalituletea hata kicheko kibaya. Mara moja mkunga alipata nafasi ya kusema neno moja tu, "Imekufa!", kabla laini haijakatika, na karani wa mjini akatuma gari lije na sanda. Mkunga akamfukuza dereva. "Nilisema redio! Redio imekufa! Mimi wagonjwa wangu hawakufangi ovyo ovyo!"

Mkubwa wetu akachoka. Alisema mbele yetu kwamba likifa tena litang'olewa lipelekwe Lugari, kwa watu wa mashamba mapya waliokuwa wakiomba redio kila siku. Na likafa tena. Mkunga aliposikia alipanda kilima kwa miguu, jasho linamtoka, akamkuta fundi mlangoni.

"Fundi, ni kweli mnaing'oa?"

"Wamesema hivyo, mama."

"Na mimi nitaita gari na nini? Filimbi? Nina wanawake wanne kule chini matumbo yako hapa." Akaonyesha kifua. "Waambie Lugari wangoje."

"Nipe siku ya leo," akasema fundi.

Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi, niko tayari kufungua droo ya kupokea kama kawaida yangu. Fundi akaninyang'anya, akaitia mfukoni mwake. "Umeifungua mara ngapi? Ilikuambia nini?" Akamgeukia mkunga, akamuuliza ilianza kufa lini. Mkunga akafikiri. Akasema ilianza wakati watu wa viazi walipoanza kupanda. Jibu gani hilo? Mimi nilitaka kucheka. Fundi hakucheka. Aliushika ule waya mnene nyuma ya kabati, penye kibandiko, akaanza kuufuata kwa mkono, inchi kwa inchi, ukapita ukutani, ukatoka nje, ukaingia udongoni. Alipiga magoti akaufukua kwa vidole, na kanzu yake ya kazi ikawa tope tupu.

Tukafika kwenye jiwe. Jiwe lilikuwepo, maandishi yake mekundu yanasomeka. Mimi kila nikipanda nililipita hapo, nikaliona, nikaridhika.

"Jiwe hili halikuwa hapa," akasema.

"Liko pale pale, fundi."

"Hapa majani yako wapi?"

Nikatazama. Tulikuwa tumesimama juu ya kifusi cha mawe ya wajenzi, kikavu, karibu na ukuta wetu. Fundi akaliinua jiwe. Nondo ya shaba ilikuwa imepachikwa katikati ya mawe, inacheza kama jino bovu. Na chini ya jiwe, waya uliobaki ulikuwa umezungushwa mviringo mzuri, umetulia kama kamba ya ndama nyumbani kwa mtu nadhifu.

"Wezi hawa!" nikasema.

"Mwizi angeondoka na shaba. Mwizi hapangi waya." Akatazama ng'ambo ya mpaka, kwenye matuta ya viazi vitamu. Akaenda akainama penye majani mabichi, akaokota kitu kwenye tuta, akanionyesha kiganjani. Kipande cha mkaa wetu.

Shamba lilikuwa la mzee mmoja mwenye fahali wa kupigana, mtu mkali aliyeheshimiwa hapo Malinya. Mimi nilianza kwenda nimepandisha mikono ya shati. Fundi akanivuta kola. "Teremsha. Tunaenda kusalimia."

Tulimkuta mzee akimpaka fahali wake mafuta kwenye nundu. Fundi akamwamkia, akamsifia fahali, akauliza habari za watoto, akauliza habari za mvua, mpaka mimi damu ikachemka. Viti vikaletwa, na mahindi ya kuchemsha. Ndipo akasema, "Mzee, nimekuja kuuliza habari ya lile jiwe."

Mzee akaacha kutafuna. "Nililijua litawaleta. Mimi sikuiba kitu."

"Najua. Waya umeupanga vizuri kuliko mimi."

"Basi nikuulize wewe, mtu wa Mumias. Watu wa kupima mashamba wamepita hapa na minyororo yao, wakaweka mawe ya mpaka, nikanyamaza kwa sababu waliweka mahali pa haki. Wamekwenda. Siku chache, nakuta jiwe lingine, jekundu, limeingia kwangu hatua nzima. Nikamwita mjukuu wangu anisomee. Akasoma: ardhi. Ardhi! Serikali imeandika ardhi kwenye shamba langu. Mkoloni ametoka kwa huu mlango, na ninyi mnaingia kwa ule?"

Fundi alikuwa amejishika kinywa.

"Ungetuambia, mzee," nikasema.

"Nimwambie nani? Hilo kabati lenu? Nikalirudisha kwenu, nikaliweka kwa heshima. Nikapanda viazi."

Fundi akapasuka kicheko, akacheka mpaka akapangusa macho kwa kofia yake. Mzee alikunja uso, halafu akaanza kucheka naye bila kujua kwa nini. Fundi akamweleza: ardhi kwetu sisi ni udongo tu, ni mahali pa kuipeleka radi ikalale. Angeliandika kwa Kiingereza kama alivyoambiwa, hakuna mtu angeligusa. Aliandika Kiswahili ili watu waelewe, na watu wakaelewa! Hakumlaumu mzee hata kwa jicho. Alisema, "Mkono ulioandika ni huu, mzee. Sasa nisaidie, kwa sababu kule chini mkunga hana redio."

Mzee akaliweka hindi chini. Kisha akauliza kama hiyo nondo inalila shamba. Fundi akasema inataka mahali padogo tu pa kusimama, na shamba linabaki la mwenyewe. Mzee akainuka, akang'oa viazi vyake mwenyewe kwa mikono, akatuonyesha mahali ambapo hata kiangazi mguu unazama. Akataka nyundo. Aliipigilia nondo ile yeye, mzee wa umri ule, na kila akipiga anaguna.

"Lakini lile neno futa," akasema.

"Niandike nini?"

"Si unasema ni ya ladi? Andika ladi. Hiyo hata mimi siichimbi."

Fundi akaandika RADI, mzee akaridhika, na nakuhakikishia hakuna mtoto wala ng'ombe aliyewahi kusogelea jiwe hilo tena.

Nilikuwa narudishia vali mpya wakati lori lilipoguruma kilimani. Mkubwa hakungoja. Alikuwa ametuma lori, vibarua, makreti na magunia ya kulifungia kabati. Dereva alikuwa Mmaragoli wa maneno mengi.

"Haya, mtoeni bibi harusi, tunampeleka Lugari."

"Ngoja mvua ipite," akasema fundi.

"Mimi nimeambiwa nibebe, sikuambiwa ningoje."

"Utabeba chuma kilicholowa? Ingia unywe chai."

Mawingu yalikuwa tayari meusi juu ya msitu. Tuliingia wote kibandani. Radi ya kwanza ilipiga mabati yakalia, dereva akamwaga chai. Mimi macho yalikuwa kwenye sindano ya mita ya kabati. Iliruka, ikarudi mahali pake. Ya pili ilipiga karibu zaidi, nikasikia harufu yake. Sindano ikaruka, ikarudi. Fundi alikuwa nyuma ya kabati, kwenye ile nafasi yake, mkono umelala juu ya nyaya, midomo inasema dua.

Ndipo spika ikakohoa. Sauti ya kuita ng'ombe ikajaa kibanda.

"Mjini, mjini, hapa zahanati. Nina mzazi anavuja damu. Anahitaji hospitali ya Mukumu sasa hivi. Leteni gari."

Karani wa mjini akajibu, tukamsikia safi kama amekaa nasi: gari liko upande wa Kabras, limekwama kwenye tope la miwa.

Mkunga hakupiga kelele. Alisema tu, "Nimesikia." Hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

Fundi akamtazama dereva. Dereva akatazama kikombe chake, akakiweka chini. "Hayo magunia," akawaambia vibarua, "yatandikeni nyuma. Na turubai. Upesi, nyinyi!" Lori likashuka kilima likiteleza ubavu ubavu, na fundi akachukua maikrofoni. "Zahanati, hapa mlimani. Mtoe mzazi mlangoni, mama. Lori linakuja."

Mzazi alifika Mukumu, akarudi kwao na mtoto. Tulijua kwa sababu mkunga alitangaza hewani, jambo ambalo sheria ya redio hairuhusu.

Kesho yake asubuhi tulikuwa bado kilimani, tumekaa juu ya makreti matupu, nguo hazijakauka. Mkubwa wetu akaita kutoka mjini, na alikuwa amekasirika.

"Fundi! Lugari wananiuliza. Mbona kabati halijaletwa?"

Fundi wa Mumias akabonyeza, akaongea kwa adabu yake ile ile.

"Salaam aleikum, mkubwa. Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia vizuri sana! Nauliza mbona..."

Akanyamaza. Tukasikia mkunga, kule chini, anacheka kwenye laini.

"Basi, mkubwa," akasema fundi, akaning'iniza maikrofoni mahali pake.