Ulimi wa Mama Lorna

“Mama Lorna, niambie ukweli wa Mungu. Kati ya vitu vya Uingereza na vya Amerika, vitamu ni vipi?”

Aliyeuliza ni Margret Apiyo, jirani, mwanamke wa kutoka upande wa ziwani ambaye huuza mitumba pale Daraja Mbili na amepanga chumba kando ya barabara ya Mosocho, hatua chache kutoka kwa migomba ya Nyanchera, huyo Mama Lorna. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, miguu ameinyoosha, na mapajani ana pakiti mbili zilizofunguliwa. Moja ilikuwa ya biskuti nene za siagi, ambazo Lorna alizileta kutoka Uingereza alipokuja kumzika baba yake. Nyingine ilikuwa ya vikombe vidogo vya chokoleti vyenye siagi ya karanga ndani. Hivyo vilitumwa na binti mwingine, Lavender, kutoka Amerika, kwa mkono wa mzee wa kanisa Ochoki, aliyekuwa amekwenda kumtembelea mwanawe kule Minesota.

Nyanchera alikuwa amekwisha kula kimoja cha kila aina. Alitafuna polepole, akangoja. Hakuna kilichokuja. Biskuti ilikuwa kama mchanga, chokoleti ilikuwa kama mshumaa. Basi akamtazama Margret usoni. Margret alipouma biskuti alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza matangazo ya kanisani. Alipouma chokoleti, macho yalijifunga yenyewe.

“Cha Amerika ni kitamu zaidi,” Nyanchera akasema. “Lakini cha Uingereza kinakaa tumboni.”

“Wacha! Umenitoa maneno mdomoni.” Margret akajipiga paja. “Nilikuwa nasema hivyo hivyo.”

Ulimi wa Nyanchera ulikufa wiki ile ya matanga. Mumewe, Mogire, aliyepima majani ya chai kule kiwanda cha Itumbe mpaka akastaafu, na ambaye kwa ajili ya imani yake ya Kisabato hakuinywa hiyo chai hata siku moja, alianguka shambani asubuhi akiwa na panga mkononi, na hakuamka. Siku ya tatu akina mama wa Dokas, kikundi cha huduma kanisani, walimletea mjane uji wa wimbi. Akanywa, akadhani wamesahau sukari, na kwa sababu watu walikuwa wamejitolea hakusema neno. Kesho yake akala chinsaga, mboga ambayo uchungu wake mtu huusikia hata akiwa na homa. Ikapita kooni kama karatasi. Alikuwa na mafua siku hizo, akajiambia mafua yakiisha ladha itarudi. Mafua yakaisha. Kwenye zahanati walimmulika ulimi kwa tochi wakamwambia angoje, wakati mwingine huchukua muda. Akangoja.

Wala haikuwa ulimi peke yake. Siku ya maziko hakulia. Watu waliona wakasema huyu mama ana imani kubwa, naye akawaacha waseme. Alitazama jeneza likishuka jinsi mtu anavyotazama gari la wengine likipita. Tangu hapo huamka, husali, hukama ng'ombe, hufagia uwanja, huketi. Siku ya Sabato huvaa vizuri na kuimba sauti yake ya pili bila kukosea. Ukimuuliza anaumwa wapi, hana pa kukuonyesha.

Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa bado anakitaka duniani: mabinti zake wawili wasemezane.

Lavender hakuja mazikoni. Karatasi zake za kuishi Amerika zilikuwa hazijakamilika, na kama angetoka asingeruhusiwa kurudi. Alitazama maziko kwa simu. Jioni ile Lorna, macho yamemwiva, alimwambia kwa sauti iliyosikika hadi kwa waliokuwa wakiosha masufuria: “Umemtazama baba akizikwa kama mtu anayetazama mpira!” Lavender akakata simu. Kuanzia siku hiyo ikawa Lorna anampigia mama Jumapili, Lavender anampigia Jumatano, na hakuna anayemtaja mwenzake. Wote wawili hufanya kazi ile ile, kutunza wazee wa watu, mmoja Lesta kule Uingereza na mwingine Minesota. Mama akijaribu kusema, “Dada yako naye,” anasikia, “Mama, mtandao unasumbua.” Miezi minne ikapita hivyo.

Sasa Jumatano iliyofuata lile swali la Margret, Lavender akauliza kama mzigo wake umefika.

“Umefika. Margret ameniuliza kitamu ni kipi, chako au cha Lorna.”

“Ukasema?”

“Nikasema chako ni kitamu. Lakini cha Lorna kinakaa tumboni.”

“Kinakaa tumboni!” Sauti ilipanda ghafla, kama ya zamani, alipokuwa msichana wa kugombania ukoko wa ugali. “Mama, lazima kikae! Ile si biskuti, ni tofali. Mwambie Lorna nimesema ni tofali.”

Nyanchera alibaki ameshika simu hata baada ya mazungumzo kwisha. Jina la Lorna lilikuwa limetoka katika mdomo wa Lavender.

Jumapili akaufikisha ujumbe, neno kwa neno. Lorna akacheka kwa pua.

“Tofali? Muulize kuhusu jibini ya huko kwao, inayokaa kwenye kopo la kupuliza kama dawa ya mbu. Muulize, mama! Mtu anapulizia biskuti jibini kama anayeua mende, halafu anafungua mdomo kunisema mimi.”

Jumatano ikabeba jibini. Jumapili ikabeba jibu lake, kwamba Waingereza huamka asubuhi wakamwaga maharagwe ya mkebe juu ya mkate mzuri mpaka ukalowa, na hakuna anayewashika. Ilipofika mara ya nne au ya tano wasichana walichoka kumtumia mama kama posta, na Lavender mwenyewe ndiye aliyetengeneza simu ya watu watatu. Ikawa Jumapili, saa kumi na moja jioni Mosocho, wakati Lesta ni mchana na Minesota watu ndio wanatoka kitandani.

Na mizigo ikaanza kuja, kila msafiri na mfuko wake. Lorna alituma krispi za viazi zenye siki, na unga wa manjano wa kupika na maziwa mpaka uwe kama uji mzito. Lavender alituma bisi zilizopakwa sukari ya kuungua, na vijiti vya mahindi vyenye unga wa jibini, ambavyo vilimwachia Margret vidole vya rangi ya chungwa siku mbili, wateja wakamuuliza amemwua nani. Kila pakiti Nyanchera aliisoma kwanza, miwani ya Mogire puani, akipitisha kidole kwenye yale maandishi madogo. Alisoma darasa la saba tu, lakini maneno yote ya Kiingereza yenye maana ya nguruwe alikuwa ameandikiwa na mzee Ochoki kwenye karatasi. Siku moja Lavender alituma peremende nyeupe, laini kama pamba. Kidole kikasimama.

“Hizi zina nguruwe.”

“Wapi?” Margret akashangaa. “Mimi sioni mguu wala mkia.”

“Imeandikwa. Amesagwa humo.”

“Basi lete. Sisi Wakatoliki hatuna neno naye.”

Nyanchera akampa zote. Kwake zingekuwa sawa na nyingine zozote, hata kama zingekuwa za nguruwe mtupu. Lakini sheria haikuwa imekaa kwenye ulimi.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yao. Simu inaegemezwa kwenye chupa ya uji, Margret anakaa kwenye kigoda upande wa kushoto, pakiti inafunguliwa, na Nyanchera anasema, “Mgeni aonje kwanza.” Kisha anamtazama. Krispi za siki zilimkunja Margret jicho moja na kumfanya ateme hewa, halafu mkono ukarudi kwenye pakiti wenyewe. Nyanchera akala moja akasema, “Inauma, lakini inakuita tena.” Bisi zilimfanya Margret alambe meno ya nyuma. “Hii inashika meno,” Nyanchera akasema, “ni ya mtu asiye na haraka.” Mabinti walipiga kelele pande zote mbili. Aliyeshinda alishangilia, aliyeshindwa akadai mama amehongwa.

“Lakini wewe mama,” Margret alimwambia siku moja simu ilipokatwa, “unanitazama mdomo kama daktari wa meno. Unataka kuning'oa lipi?”

“Nakutazama ukifurahi.”

“Haya, nifurahishe tena. Pakiti ile ingine imebaki?”

Nyanchera alijua ni uongo. Hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Kila asubuhi, akipiga magoti kando ya kitanda, aliutaja pamoja na mengine: Bwana, nisamehe ule uongo wa chakula. Ukitaka niuache, nirudishie ulimi. Kisha aliinuka akaenda kukama.

Ikaendelea hivyo mpaka Jumapili ya chupa nyeusi.

Lorna alikuwa amesema kwa wiki tatu kwamba safari hii anatuma kitu cha kumaliza mashindano. Kilifika: kichupa kifupi cha kioo, ndani kitu cheusi, kizito, kinachong'aa. Nyanchera alisoma karatasi yake. Hamira, chumvi, na maneno mengine madogo. Nguruwe hayumo. Chumvi iko katika kila kitu, hata biskuti, kwa hiyo hilo halikumwambia lolote.

Margret hakuwepo. Mjomba wake Okeyo alikuwa amefariki huko Oyugis, naye alikuwa ameondoka Ijumaa na mkungu wa ndizi ambao Nyanchera alimpa apeleke matangani.

Simu ikaita saa kumi na moja. Nyuso mbili zikatokea, kila mmoja katika kidirisha chake: Lorna na sare yake ya kazi, Lavender na kitambaa cha kulalia kichwani.

“Mama, usiguse hiyo kitu!” Lavender akaanza. “Ninaijua. Huku hata panya wangeandamana.”

“Wacha uoga wako. Mama amekula chinsaga tangu azaliwe, atashindwa na hii?”

“Mama, nakuombea.”

“Onja, mama. Sema ukweli.”

Nyanchera akafungua kifuniko. Kwa mazoea akageuka kushoto. Kigoda kilikuwa kitupu, na kuku mmoja alikuwa amelala chini yake. Akakitazama kile kitu. Kilinata kama asali, na weusi wake ulikuwa kama wa ile asali ya zamani ambayo Mogire alipenda kununua kwa mzee fulani wa Nyamira. Akajaza kijiko. Akakitia mdomoni chote, akameza, na ili wasione shaka akakilamba kijiko mbele na nyuma.

“Tamu,” akasema. “Kama asali. Lakini ni nzito kidogo.”

Lavender alikuwa ameshika mdomo tayari kucheka. Kicheko hakikutoka.

“Mama,” Lorna akasema polepole, “umekula kijiko kizima.”

“Nimekula.”

“Mama, hiyo ni chumvi. Watu hupaka kidogo tu kwenye mkate, kama mafuta ya mdomo. Wenyewe waliozaliwa nayo hukunja uso.” Akasogea karibu na simu mpaka akabaki macho tu. “Onja tena, nikuone.”

Nyanchera akachota tena, kidogo. Uso wake ulibaki jinsi ulivyokuwa.

“Unasikia nini?”

Angeweza kusema ulimi umechoka. Angeweza kusema mtandao unasumbua, maana alikuwa amejifunza hilo kwao. Akakaa na kijiko mkononi.

“Sisikii kitu,” akasema.

“Tangu lini?”

“Tangu wiki ya baba yenu.”

“Na zile krispi?” Lavender akauliza. “Na bisi? Na vile vyangu vya karanga, ulisema ni vitamu.”

“Nilikuwa namtazama Margret.”

Lavender akafunika mdomo kwa viganja viwili. Lorna akageuza uso, likabaki sikio na ukuta mweupe.

“Kwa nini hukusema, mama?” Lorna akauliza akiwa bado amegeuka. “Miezi yote hii tunabishana juu ya kitu ambacho huonji.”

“Mngeacha.”

“Kuacha nini? Kutuma?”

“Kuongea.”

Kuku akatoka chini ya kigoda akaenda zake. Nyanchera aliwatazama watoto wake, wote wameinamisha vichwa, na akaona kwamba wakiinama hivyo paji la uso ni moja, lile la Mogire. Aliliona tu, kama mtu anavyoona saa ukutani. Akawaza kwamba sasa kila mmoja ataaga kwa upole, na Jumatano itarudi kuwa ya huyu, Jumapili ya yule. Hata hilo halikumuuma mahali. Ni vidole tu vilivyokuwa vimekishika kijiko kwa nguvu, hata alipotaka vilegee.

“Basi,” Lorna akasema, akapangusa pua kwa mkono wa sare. “Mzigo wa Desemba sijui hata kama una maana tena.”

“Hayo matofali yako yaache huko huko,” Lavender akasema. Sauti ilikuwa imepasuka katikati.

“Na wewe na jibini yako ya kupuliza.”

Kisha kila mmoja akabaki akimngoja mwenzake, na mwanga wa simu ukaanza kufifia. Nyanchera akauwasha kwa kidole. Akaweka kijiko chini, akaivuta simu karibu.

“Endeleeni kubishana,” akasema. “Mimi nasikiliza. Msikate.”