Mayai Saba ya Mama Mudogo

Maganda ya vitunguu yakichemka hutoa harufu tamu yenye udongo kidogo. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, safari yangu ndefu huishia sokoni, lakini harufu hiyo hunitoa jikoni mbio. Msinicheke kwanza.

Nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu wa katekisimu alituonyesha picha ya mayai ya Pasaka, akasema rangi nzuri ni ile inayolika: maganda ya vitunguu, manjano, mchicha mwekundu tunaouita lengalenga. Papo hapo nikajiona msanii. Yalikosekana mayai tu.

Mwaka ule Mama Mudogo, mdogo wake mama, alikuwa amekimbia vita Djugu. Aliingia mjini kwetu Bunia na kuku mmoja, amembeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Kuku huyo alilalia mayai saba ndani ya kikapu, nyuma ya mlango wetu. Kila asubuhi Mama Mudogo alimwekea maji na kumsemesha. Jumanne moja alimwambia: "Vumilia, mama. Inabakia siku tano tu." Nilidhani anahesabu siku za kufika Pasaka. Mtoto wa mjini, kuku niliyemjua vizuri ni yule wa kwenye sahani.

Jumamosi wakubwa walipokwenda sokoni, niliyachukua yote. Kuku alinidonoa mikono. Nikamwona ana roho mbaya. Nikayachemsha, mengine mekundu, mengine ya njano, nikayapanga kwenye sahani ya wageni.

Jumapili, tulipotoka misa, kaka yangu alishangaa: "Eh, weye! Kumbe uko fundi!" Akamenya la kwanza, akalitupa. "Mama! Iko na manyoya!"

Mama Mudogo alichukua yai moja, akaligeuza taratibu mkononi.

"Rangi imeshika muzuri, mutoto yangu," alisema.

Nami nikajibu, kichwa juu: "Merci, Mama Mudogo."

Kuku aliendelea kulalia kikapu kitupu karibu wiki nzima. Nilikuwa mtu mzima, na Mama Mudogo tumekwisha kumzika, ndipo mama aliponieleza kwamba vifaranga wale ndio angeanza nao upya, apate kutoka nyumba ya dada yake. Ng'ombe, shamba, vyote vilibaki Djugu. Na siku ile alipopoteza hata hicho kidogo, kazi aliyoifanya ni kunifichia aibu mbele ya watu.

Msamaha sikumwomba. Nilimwomba yai moja nikaonyeshe darasani, naye akanichagulia lililo zuri kuliko yote.