Gunia la Watu

Walianza kwa simu. Sauti ya kijana, laini, inayajua majina yangu yote matatu, ikaniambia nadaiwa ada ya kidato cha nne. Kidato cha nne! Mimi mwenye wajukuu! Nikamwambia akamtapeli mama yake, nikakata. Nani hapa nchini hajawahi kuletewa ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"?

Wiki iliyofuata wakaja wenyewe hapa Unyambwa, wawili, kwa bodaboda, mashati wamechomekea, viatu vimejaa vumbi. Wakanipa shikamoo, wakampa na mama yangu, wameinama kabisa. Matapeli wa siku hizi wana adabu kuliko wakwe. Sikuwakaribisha ndani. Niliwatolea benchi nje, mahali ambapo jirani anawaona, nikabaki nimesimama.

Mama alikuwa kwenye mkeka anapepeta alizeti. Tangu baba afariki anaishi kwangu, na kila mavuno ana kituko chake kilekile: anatenga gunia moja, analifunga mdomo, analisimamisha kwenye kona ya stoo. Haliuzwi, haliguswi mpaka mavuno mengine, ndipo anaweka jipya mahali pake. Ukimuuliza anasema, "Hilo ni la watu." Watu gani, hasemi. Mwaka niliokosa hela ya bati tuligombana vibaya juu ya gunia hilo, huku panya wanajilia. Ajabu ni kwamba baba, mkali vile, alipokuwa hai hakuwahi kuliulizia.

Yule kijana mkubwa akasema shule niliyosoma, kule Iramba, imeikabidhi kampuni yao madeni yote ya zamani. Akatoa karatasi iliyogeuka njano. Ilikuwa ahadi ya mzazi kumalizia ada baada ya mavuno. Juu jina la baba, chini dole gumba la wino wa bluu.

Hapo nikawakamata! "Ninyi wezi," nikasema, kwa sauti jirani asikie. "Baba yangu alisoma ngumbaru. Alikuwa anasaini, tena kwa madaha. Dole hajaweka popote. Na ada yangu aliilipa yote, aliuza ng'ombe."

Ndivyo baba alivyotuambia mpaka anakufa. Nami niliyarudia hayo mbele ya jeneza lake, watu wakalia. Sikuwa tayari vijana wawili wa bodaboda waje kumfanya mwongo akiwa kaburini.

"Hebu niione," mama akasema.

Kusoma hajui. Aliiweka karatasi mapajani, akalaza dole gumba lake pembeni ya lile la wino. Mama ana kovu la mundu linalokata dole hilo katikati. Kwenye karatasi, mstari mweupe ulikuwa umekata wino palepale.

"Ni langu," akasema. "Ng'ombe aliuzwa, kweli. Hela haikufika shule."

Ilikofika hakusema. Alisema tu kwamba alidandia lori hadi Iramba, akamwangukia mkuu wa shule, akamwahidi gunia la alizeti, wakaandika jina la baba kwa sababu ndilo nililokuwa natumia. Baada ya mavuno akalipeleka. Akakuta mkuu kahamishwa, na mgeni hajui habari yoyote.

"Nikaogopa," akaniambia. "Nikieleza sana, si watakunyima cheti? Nikarudi nalo. Nikasema watakuja wenyewe."

Niliona aibu, jamani. Miaka yote hiyo nimemsifu mtu mmoja, na aliyenisomesha nimemfokea kwa ajili ya bati.

Wale vijana bado sikuwaamini. Nikawaambia hela hawaishiki, nitaipeleka shuleni kwa mkono wangu na nitataka risiti. Mkubwa akaanza kueleza utaratibu wa kampuni.

Mama hakumsikiliza. Alishajikongoja hadi mlangoni mwa stoo, analivuta komeo.

"Njoo tusaidiane kulitoa," akaniita. "Watu wamekuja."